Ajali Kubwa Barabarani: Eneo ni la Wilaya Moja, Ushahidi Sivyo

Lori likigongana na gari dogo kwenye barabara kuu ya Morogoro, Dodoma na Singida, wengi huamini kwamba ajali hiyo ni ya wilaya ilikotokea, na kwamba wataalamu kutoka mkoani au makao makuu wakifika, askari wa pale wamenyang'anywa jalada. Dhana hiyo husahau jinsi ushahidi ulivyotawanyika. Mwezi Julai 2016 mabasi mawili yaligongana uso kwa uso Maweni, wilayani Manyoni. Moja lilikuwa likitoka Dar es Salaam kwenda Kahama na jingine likitoka Kahama kwenda Dar es Salaam. Katika ajali ya namna hiyo, kumbukumbu za ukaguzi wa magari, zamu za madereva na orodha za abiria huwa mamia ya kilomita kutoka penye vyuma vilivyokunjamana.

Wengine husema kushirikiana ni dalili ya jeshi dhaifu. Marekani ina vyombo vya polisi takribani 18,000, na idara nyingi za miji midogo hazifikishi hata askari kumi. Ndiyo maana idara jirani huunda timu ya pamoja, huyu akatoa mtaalamu wa vipimo, yule droni, na mwingine programu ya kuchora eneo. Nchini Uingereza, majeshi ya Bedfordshire, Cambridgeshire na Hertfordshire yana kikosi kimoja cha barabarani. Sisi Tanzania tuna Jeshi la Polisi moja chini ya Mkuu mmoja, hivyo kifaa kilichopo Dodoma kinaweza kupelekwa Singida kwa amri tu, bila mkataba. Kwa maoni yangu, ugumu wetu uko kwingine: taarifa za mwendo wa mabasi ziko LATRA, mamlaka inayodhibiti usafiri wa ardhini, hali ya barabara kuu inajulikana na TANROADS, wakala wa barabara, waliokata vyuma kuwatoa majeruhi ni Zimamoto na Uokoaji, na sampuli ya damu ya dereva huenda kwa Mkemia Mkuu wa Serikali. Mpelelezi asiyewafikia hao wote hubaki na mchoro na maelezo ya mashahidi.

Maelezo hayo ndiyo huzaa dhana iliyoota mizizi kuliko zote, kwamba chanzo hujulikana papo hapo, nacho ni mwendokasi. Huenda ikawa kweli, lakini kasi hupimwa, haikadiriwi kwa mshindo uliosikika. Chukua gari dogo lililoacha alama za breki zenye urefu wa mita 30 kwenye lami kavu yenye kiwango cha msuguano (jinsi lami inavyoshika tairi) cha 0.7. Hesabu huonyesha kwamba lilipoanza kufunga breki lilikuwa katika kasi ya kilomita 73 kwa saa au zaidi. Zaidi, kwa sababu kama alama zinakoma penye mgongano, ile kasi iliyosalia haimo ndani ya hesabu. Dereva anayedai alipita katikati ya Kibaigwa kwa kilomita 50 angeacha alama za mita 14 hivi. Lakini mchanga uliotapakaa juu ya lami, jambo la kawaida kwetu wakati wa kiangazi, hupunguza msuguano, kwa hiyo kiwango hicho sharti kipimwe palepale badala ya kunakiliwa kitabuni. Magari yenye breki zisizofunga magurudumu huacha alama hafifu, na hapo huhitajika mtu anayejua kusoma kumbukumbu za kompyuta ya gari. Hata taa husema: waya wa balbu iliyokuwa ikiwaka huvutika na kujipinda kwa mshtuko, ilhali wa balbu iliyozimwa hukatika bila kupinda, na kwa lori lililosimama gizani bila taa hilo linaweza kugeuza kesi nzima.

Kuna pia wanaolalamika kwamba wataalamu wengi hurefusha foleni. Droni hupiga picha za eneo lote kwa dakika chache, na vipimo vikachukuliwa baadaye kutoka kwenye picha hizo. Anayekokota utepe wa kupimia peke yake ndiye hufunga barabara kwa saa nyingi. (Wapita njia wanaosogeza vipande vya magari ili wapite huongeza kazi kuliko askari yeyote.)

Mwisho ni imani kwamba uchunguzi hulenga kumpata wa kufungwa tu. Marekani huigawa kazi hiyo: bodi yao ya taifa ya usalama wa usafiri hutafuta chanzo na kutoa mapendekezo bila kuamua nani mwenye hatia, na polisi huendelea na upande wa jinai. Kwetu jalada la polisi hubeba mzigo wa mashtaka, na ndiyo sababu kona iliyojengwa vibaya, isiyoweza kupandishwa kizimbani, hupata mistari michache humo kuliko dereva aliyeipita.