Modeli ya kihisabati ya VVU mwilini ni nini?

Simama kituo cha daladala saa moja asubuhi uhesabu watu: hamsini. Rudi saa mbili: hamsini. Saa tatu: hamsini tena. Je, ni walewale waliokosa usafiri, au kila dakika wanapakiwa watu na wengine wanafika kuziba nafasi zao? Kwa kuhesabu vichwa tu hutajua. Lakini ukifunga njia zote zinazoleta watu kituoni kisha ukatazama saa, jibu litakuja lenyewe. Kituo kikibaki kitupu ndani ya dakika tano, magari yalikuwa yanapakia mfululizo. Watu hamsini wakiwa bado wamesimama adhuhuri, hakuna gari lililokuwa linapita.

Swali hilohilo liliwakabili watafiti wa VVU. Mtu akiambukizwa, wingi wa virusi katika damu hupanda sana kwa wiki chache, hushuka, kisha hukaa karibu palepale kwa miaka, na mara nyingi mwenyewe haumwi chochote. Kwa muda mrefu wengi waliichukulia miaka hiyo kuwa ya usingizi: virusi vimetulia, kinga imetulia. Haikuwa hivyo, na kilichofichua ukweli ni hesabu iliyosaidiwa na dawa moja.

Modeli ya kihisabati ni maelezo ya namna jambo linavyokwenda, yaliyoandikwa kwa hesabu badala ya maneno ili yaweze kulinganishwa na vipimo. Ziko modeli zinazofuatilia VVU vinavyosambaa kati ya watu, na hizo ndizo zinazosikika zaidi kwenye mipango ya wizara za afya. Hii ninayoieleza hapa inafuatilia kinachotokea ndani ya mtu mmoja.

Ichukulie kama daftari za duka, kilichoingia kutoa kilichotoka. Daftari ni tatu. Ya kwanza ni ya seli za CD4 zilizo nzima, zile seli nyeupe ambazo VVU huzishambulia. Ya pili ni ya seli zilizokwisha kuambukizwa. Ya tatu ni ya virusi vinavyoelea katika damu. Kila daftari ni mlinganyo mmoja:

badiliko la seli nzima = zinazozaliwa − zinazokufa − zinazoambukizwa
badiliko la seli zilizoambukizwa = zinazoambukizwa − zinazokufa
badiliko la virusi = vinavyozalishwa − vinavyoondolewa

Utaona neno "zinazoambukizwa" limeandikwa mara mbili, na hapo ndipo penye kazi yote. Idadi hiyo hupatikana kwa kuzidisha seli nzima kwa virusi, kwa kuwa maambukizi ni kukutana kwa hivyo viwili. Virusi vikiwa maradufu, maambukizi nayo maradufu; seli nzima zikibaki nusu, maambukizi nayo nusu. Ni hesabu ileile wanayoitumia wataalamu wa wanyamapori kwa simba na nyumbu: simba wakizidi, nyumbu hupungua, na nyumbu wakipungua, simba hulala njaa. Daftari tatu zimefungana, huwezi kugusa moja zilizobaki zisitikisike.

Januari 1995 jarida la Nature lilitoa tafiti mbili kwa pamoja. Moja ilikuwa ya David Ho wa New York, akiwa na Alan Perelson wa Los Alamos, maabara ileile iliyotengeneza bomu la kwanza la atomiki. Nyingine ilikuwa ya kundi la George Shaw wa Alabama, wakishirikiana na Martin Nowak wa Oxford. Ho aliwapa wagonjwa 20 dawa ambayo leo tunaiita ritonavir. Dawa ile haiui virusi wala seli iliyoambukizwa. Inafanya virusi vipya vitoke vikiwa butu, visiweze kuambukiza seli nyingine. Neno letu la kliniki, kufubaza, limelenga palepale. Kwa maneno mengine, njia ya kuingia kituoni imefungwa.

Kituo kikaanza kukauka. Virusi vilipungua nusu kila baada ya siku mbili hivi. Piga hesabu: mtu aliyeanza na nakala 100,000 katika mililita moja ya damu anabaki na 50,000 siku ya pili, 25,000 siku ya nne, na siku ya kumi na nne hazifiki 800. Dawa haikuupa mwili nguvu mpya ya kuviondoa virusi. Kasi hiyo ilikuwepo tangu mwanzo, ila ilifunikwa na uzalishaji uliokuwa sawa nayo. Mwaka uliofuata, Perelson na wenzake waliwapima wagonjwa watano damu mara nyingi zaidi, wakaweza kutenganisha vitu viwili vilivyochanganyika kwenye mteremko ule: kirusi kimoja katika damu hukaa kwa saa chache tu, na seli inayozalisha virusi huishi siku mbili hivi. Walikadiria kwamba virusi bilioni 10 huzalishwa kila siku, na vipimo vya baadaye vikaonyesha kwamba kuondolewa ni kwa haraka zaidi ya walivyodhani. Bilioni 10 kwa siku, kwa mtu anayekwenda kazini kama kawaida.

Namba hiyo ilibadilisha matibabu. Maandishi ya kijenetiki ya VVU yana herufi zinazokaribia 10,000, na kirusi kinapojinakili hukosea takribani herufi moja katika kila 30,000. Maambukizi mapya yakiwa mamilioni kila siku, karibu kila kosa la herufi moja linaloweza kufikirika hutokea leo, na kesho tena. Kosa moja likitosha kuishinda dawa moja, basi kirusi sugu kipo hata kabla mgonjwa hajameza kidonge cha kwanza. Makosa matatu maalumu kwa mpigo ni habari nyingine: 30,000 mara 30,000 mara 30,000 ni trilioni 27. Ndiyo sababu mgonjwa hupewa dawa tatu. Siku hizi, kwa wengi Tanzania na Kenya, zote tatu zimo katika kidonge kimoja cha tenofovir, lamivudine na dolutegravir, na anayekimeza huenda hajui kwamba idadi ya dawa zilizomo ilipatikana kwa kuzidisha.

Kwenye kinga ya mwili modeli imesumbuka zaidi, na kwangu hapo ndipo panaponoga. Zile daftari tatu hutulia ndani ya miezi michache tu, ilhali seli za CD4 za mtu asiyetibiwa huendelea kushuka kwa miaka, kutoka zaidi ya 500 katika mikrolita ya damu hadi chini ya 200. Kuna kitu hakimo. Watafiti wakaongeza daftari ya nne, ya seli za CD8, zile zinazoua seli zilizoambukizwa. Mwaka 1999 majaribio ya nyani wenye SIV, ndugu wa VVU, yalionyesha kwamba ukiwaondolea CD8 virusi vinafumka. Modeli ikatabiri jambo jepesi: bila muuaji, seli zilizoambukizwa zitaishi muda mrefu, kwa hiyo nyani wakipewa dawa virusi vitapungua polepole. Mwaka 2010 makundi mawili yalijaribu. Kasi ya kupungua ilikuwa ileile. Ama CD8 huiua seli kabla haijaanza kuzalisha virusi, ama huvizuia virusi bila kuua. Mjadala haujafungwa, lakini bila modeli kutabiri kinyume, hakuna ambaye angejua kwamba kuna jambo la kujadili.

Kuna mahali pengine ambapo hesabu iliwavunja watu moyo. Mwaka 1997 kundi la Perelson na Ho liliona mteremko wa pili, wa taratibu zaidi, likakadiria kwamba tiba isiyokatizwa ya miaka miwili hadi mitatu hivi huenda ingetosha kumaliza virusi, kama hakuna mafichoni kwingine. Kulikuwepo. Baadhi ya seli za CD4 huambukizwa kisha zinatulia, hazizalishi chochote, na dawa haina cha kuzizuia. Kundi la Robert Siliciano wa Baltimore lilipima na kukuta kwamba seli hizo hupungua nusu kila miezi 44. Mtu mwenye seli milioni moja za namna hiyo anahitaji kuzigawa nusu mara ishirini ili ibaki moja: 20 mara 44 ni miezi 880, yaani zaidi ya miaka 73.

Kwa hiyo modeli za sasa zinauliza swali jingine: tukipata njia ya kuzipunguza seli hizo, tuzipunguze kiasi gani? Hesabu ya mwaka 2014 ilijibu kwamba ni lazima zipungue takribani mara 2,000 ili wengi waweze kukaa mwaka mmoja bila dawa, na zaidi ya mara 10,000 ili virusi visirudi kabisa. Iliongeza kwamba virusi vinaweza kurudi ghafla, baada ya kimya cha miaka. Mwaka huohuo, mtoto wa Mississippi aliyeanzishiwa dawa saa 30 hivi baada ya kuzaliwa, na ambaye alikuwa ameacha dawa kwa zaidi ya miaka miwili bila virusi kuonekana, alipimwa tena. Vilikuwa vimerudi.