Je, wajua kwa nini vijeba, yaani wachezaji waliozidi umri, husakwa kwenye kifundo cha mkono?

Timu ya vijana chini ya miaka 17 ikijiandaa kwa mashindano ya CAF au FIFA, wachezaji huingizwa mmoja mmoja kwenye mashine ya MRI, inayopiga picha za ndani ya mwili kwa sumaku, na kinachopigwa picha si goti wala meno. Ni kifundo cha mkono. FIFA ilianza utaratibu huo kwenye Kombe la Dunia la U-17 nchini Nigeria mwaka 2009, na ikachagua MRI badala ya eksrei ili kijana mzima wa afya asipigwe mionzi kwa ajili ya mpira tu. Vijiweni maelezo yake ni mepesi: daktari anahesabu vile vifupa vidogo, kisha anatoa jibu kwamba huyu ana miaka 22.

Hahesabu vifupa, wala hataji umri.

Habari ya kuhesabu haikutoka hewani. Kifundo cha mtu mzima kina vifupa 8, safu mbili, kati ya kiganja na ile mifupa miwili mirefu inayotoka kwenye kiwiko. Mtoto huzaliwa navyo vyote, ila vikiwa gegedu tupu, ile tishu laini kama ya sikio, na gegedu halionekani kwenye eksrei. Ndiyo maana picha ya mtoto mchanga huonyesha kiganja kinaelea, hakijaungana na mkono. Miezi michache baadaye hujitokeza kifupa kikubwa cha katikati na jirani yake, kisha vingine hufuata polepole kwa miaka. Cha mwisho unaweza kukigusa sasa hivi: geuza kiganja juu, legeza mkono, bonyeza pale kiganja kinapoanzia, upande wa kidole cha mwisho. Kuna kitu kigumu cha ukubwa wa njegere, kinateleza kidogo huku na huku. Hicho huanza kuwa mfupa mtoto akiwa na miaka 8 hadi 12 hivi.

Kwa hiyo hesabu hiyo inamfaa daktari anayefuatilia ukuaji wa mtoto wa miaka 5. Ukimleta kijana wa miaka 16 na baba wa miaka 30, wote wanavyo 8, na kesi imeishia hapo.

Kinachotazamwa kwa wachezaji ni ule mfupa mrefu wa upande wa dole gumba, pale unapoishia kwenye kifundo. Karibu na ncha yake kuna tabaka jembamba la gegedu, na sehemu kubwa ya urefu wa mfupa huo hutokea hapo: seli changa huongezeka upande wa ncha, zilizokomaa hugeuka mfupa upande wa pili. Balehe ikielekea ukingoni, homoni husimamisha kazi hiyo, gegedu linamezwa na mfupa, ncha inashikana na shina. Katika eneo zima la kiganja na kifundo, hapa ndipo panapochelewa zaidi kufunga.

Chukulia ni zege. Ukilikuta bichi, unajua limemwagwa karibuni. Ukilikuta limekauka, huwezi kulitazama tu ukasema ni la mwezi jana au la miaka kumi iliyopita. Unajua tu kwamba si la leo. Daktari anayekuta gegedu limefunga kabisa naye anajua hilo tu. Zege lenyewe halikauki kwa kasi moja, na wapo vijana wa miaka 18 au 19 ambao lao bado bichi. Hao hupita salama, vijeba kamili. Kipimo kina madaraja 6, na anayeondolewa ni wa daraja la 6 peke yake. Katika la 5 bado kumebaki kijistari cha gegedu kisichofika milimita 5, na kijistari hicho kinatosha kumweka mtu uwanjani.

Msingi wa kipimo hiki ni utafiti wa mwaka 2007 uliopiga picha wavulana wa Uswisi, Malaysia, Algeria na Argentina. Wa miaka 16 waliokutwa wamefunga kabisa hawakufika asilimia 1. Ni kidogo sana, lakini si sifuri, na Afrika kusini mwa Sahara haimo kwenye orodha hiyo, ingawa huku ndiko kipimo kinakobomoa vikosi: Januari 2023 Cameroon iliondoa wachezaji 21 kati ya 30 kwa mpigo. Kwa wasichana hakifai kwa umri huo, maana mifupa yao hufunga mapema zaidi.

Na kuna kisa cha Guinea. Walifika fainali ya AFCON U-17 iliyochezwa Tanzania mwaka 2019, kisha wakaenguliwa kwa sababu ya wachezaji wawili. Kilichowaumbua hakikuwa kifundo: tarehe zao za kuzaliwa hazikulingana na zile walizoandikisha kwenye mashindano ya Japani miaka miwili kabla. Waliolalamika ni Senegal, na ndio waliokwenda Kombe la Dunia Brazil badala yao.