"Si nimeshawatumia koordineti, mbona hamfiki?"

Katika kazi yangu ya ramani za uokoaji, swali hilo nimelisikia redioni, kwenye simu na katika vikao vya tathmini mpaka nimelizoea kama mlio wa king'ora. Anayeuliza anaamini koordineti ni koordineti: namba mbili za mahali, bonyeza, gari liondoke.

Si hivyo. Chukua 6.30 kusini. Aliyetuma kaisoma kwenye simu, yaani digrii zenye desimali. Aliyepokea kazoea digrii na dakika, akaandika digrii 6 dakika 30. Sasa, digrii moja ina dakika 60, kwa hiyo 6.30 ni digrii 6 na dakika 18 tu. Dakika 12 zimezuka hewani, na kila dakika ya latitudo (namba ya kaskazini-kusini) ni kama kilomita 1.85 ardhini. Piga hesabu: gari la wagonjwa limepotezwa kilomita 22, na mfumo wa ramani haujalalamika hata kidogo. Unakuwekea nukta safi kabisa, mahali pasipo na majeruhi.

Ukisahau alama ya kutoa, inayomaanisha kusini, tukio linarukia kaskazini mwa ikweta. Ukitanguliza longitudo (namba ya mashariki-magharibi), linaweza kuangukia baharini. Afadhali hilo, kila mtu ataliona. Ramani nyingi za zamani za karatasi nazo zilichorwa kwa datamu nyingine, yaani msingi mwingine wa kupimia mahali duniani, wakati simu inatumia ule uitwao WGS 84. Hapo unaweza kukosea kwa mamia ya mita huku namba zikiwa zile zile.

Mimi nang'ang'ania mambo mawili. Kikosi kizima kitumie muundo mmoja: digrii za desimali, latitudo kwanza, tarakimu tano baada ya nukta (ya tano ni kama mita moja, za zaidi ni mapambo). Na anayepokea arudie kwa sauti, kisha aulize: "Hapo ulipo unaona nini?" Daraja, mnara, kona ya shule. Wanaosema hayo ni mambo ya kale, nawaachia kilomita zao 22.

Kuna kauli nyingine nazisikia, nazo si za kweli. "Picha ya setilaiti inaonyesha hali ilivyo sasa." Picha ya ramani ya simu inaweza kuwa na umri wa miaka. Hata setilaiti ikipita leo, kamera ya kawaida haipenyi mawingu, na mafuriko huja na mawingu. Rada ya setilaiti za Sentinel-1 inapenya, ila nayo hupita kwa ratiba yake.

"Gari lililo karibu litafika kwanza." Karibu kwa rula au kwa barabara? Muulize aliyetenganishwa na mto.

"Bila programu ya bei mbaya hakuna GIS." GIS ni mfumo wa kompyuta wa kuchora na kuchambua ramani, na programu yake iitwayo QGIS ni ya bure. Baada ya tetemeko la Haiti la Januari 2010, watu wa kujitolea duniani kote waliichora mitaa ya Port-au-Prince kwenye OpenStreetMap, ramani ya mtandaoni ambayo yeyote anaweza kuichora, na waokoaji wakaitumia.

"Mtu wa ramani aitwe wakati wa kuandika ripoti." Aje akute nini? Vipande vya karatasi visivyo na saa wala jina la aliyepokea, nusu desimali, nusu dakika.