Vijana wa drafti ya Julai si wa mtoano wa Oktoba

Kila mwezi wa Julai, drafti ya besiboli ya Marekani, yaani zoezi la timu kuchagua wachezaji wapya kwa zamu, inapokwisha, mashabiki huanza kuwapangia vijana wapya wa chuo kazi ya Oktoba. Wiki hii nimeulizwa tena, na mtu anayeufahamu mchezo vizuri, iwapo warushaji watatu ambao timu yake imewachagua kutoka vyuoni wataivusha hadi kwenye mtoano wa mwaka huu. Kazi yangu ni kufundisha warushaji wa chuo, nawapenda vijana hawa na nawatakia mafanikio, lakini jibu ni hapana. Na kila ninapojibu hivyo, hutajwa jina lile lile: Brandon Finnegan.

Basi tumzungumzie Finnegan. Kansas City Royals walimchagua wa 17 mwezi Juni 2014 kutoka chuo cha TCU, akarusha katika fainali za vyuo mjini Omaha mwezi huo huo, na tarehe 6 Septemba akawa kwenye ligi kuu. Tarehe 30 Septemba, katika mchezo wa mtoano dhidi ya Oakland ambao Royals walishinda 9-8 baada ya iningi 12 (iningi ni kipindi cha mchezo, na kwa kawaida huwa tisa), aliingizwa katika iningi ya kumi na akaibeba timu vizuri. Mwezi Oktoba akawa mtu wa kwanza kurusha katika fainali za vyuo na katika World Series, fainali ya ligi kuu, ndani ya mwaka mmoja. Hayo yote ni kweli. Kinachoniudhi ni kwamba wanaoyasimulia huishia hapo. Hawasemi kwamba wapinzani wao, San Francisco, waliipiga mipira yake watakavyo katika mchezo wa nne wa fainali hiyo, uliokwisha 11-4, wala kwamba Royals walishindwa katika mchezo wa saba.

Hawasemi pia kwamba mazingira yaliyompandisha yamekwisha kubadilika. Mwaka 2014 drafti ilifanyika mwanzoni mwa Juni, na tangu 2021 imesogezwa hadi Julai. Wakati ule timu iliruhusiwa kuita wachezaji wote 40 wa orodha yake mwezi Septemba, kwa hiyo kumpa nafasi kijana wa kurusha iningi moja moja hakukumnyima mtu mwingine kazi. Leo kikosi cha Septemba ni wachezaji 28 tu, yaani wawili zaidi ya kawaida. Kocha anayempa mojawapo ya nafasi hizo kijana aliyetoka chuoni wiki saba zilizopita anamwacha nje mtu aliyeusotea msimu mzima, na vyumba vya kubadilishia nguo havisahau jambo kama hilo.

Lakini sababu kubwa ni mkono, na hapa naomba msomaji avumilie. Mrushaji wa chuo huanza msimu katikati ya Februari. Hurusha mara moja kwa wiki, aghalabu Ijumaa, akiwa na siku sita za kupumzika, na timu yake ikifika Omaha anakuwa bado anarusha katikati ya Juni. Paul Skenes, aliyechaguliwa wa kwanza na Pittsburgh mwaka 2023, alikuwa amerusha iningi 122 na theluthi mbili kwa chuo cha LSU kabla ya siku ya drafti. Pittsburgh walimruhusu iningi sita na theluthi mbili tu katika ligi ndogo, zile za kuwaandaa wachezaji kwa ligi kuu, mwaka huo, kisha wakamfungia mpira. Mashabiki walilalamika kwamba timu inabania dhahabu yake. Hapana. Mkono huo ulikuwa umekwisha kufanya kazi ya mwaka, na kuudai ufanye kazi ya Septemba na Oktoba, kwa ratiba ya ligi kuu ya kurusha kila siku ya tano, ambayo haujawahi kuizoea, ni kuomba kitu ambacho mwili haujaandaliwa kukitoa. Alipopandishwa Mei 2024, baada ya majira ya baridi ya maandalizi, alikuwa tayari, na mwaka 2025 akatwaa Cy Young, tuzo ya mrushaji bora.

Hapa lazima niseme jambo ambalo vitabu vya ukocha hulipita haraka. Hakuna katika taaluma yetu anayeweza kuthibitisha ni iningi ngapi zinazidi kiasi. Tunaweka mipaka kwa busara na kwa hofu, kisha tunaiita sayansi. Finnegan aliumia bega mwaka 2017 na hakuwa tena yule wa 2014, lakini siwezi kusema kwamba Oktoba ile ndiyo iliyomharibu. Chris Sale alipandishwa na timu ya White Sox mwezi Agosti 2010, miezi miwili tu baada ya drafti, akafanyiwa upasuaji wa kiwiko mwaka 2020, na bado alishinda Cy Young mwaka 2024. Garrett Crochet alipelekwa ligi kuu mwaka 2020 bila kugusa ligi ndogo, akatoka na maumivu ya mkono katika mtoano wa mwaka huo huo, akafanyiwa upasuaji mwaka 2022, kisha mwaka 2025 akarusha zaidi ya iningi 200 kwa Boston. Nimeirejea mifano hii mara nyingi na hainipi kanuni. Hunipa tahadhari tu, na mbele ya kijana wa miaka 21 tahadhari hiyo yanitosha.

Wapigaji hupanda haraka zaidi, ingawa nao wanapaswa kuliacha gongo la aluminiamu la chuoni na kuzoea la mbao. Nolan Schanuel alichaguliwa wa 11 na Los Angeles Angels tarehe 9 Julai 2023 na akacheza ligi kuu tarehe 18 Agosti. Alifanya kazi yake: alifika beisi mara kwa mara kuliko wakongwe wengi waliokuwa pale. Angels walipoteza michezo 89. Mchezaji mmoja mzuri hupata zamu nne au tano tu kwa mchezo, na timu iliyolazimika kumkimbiza kijana hadi ligi kuu mwezi Agosti kwa kawaida ina mapengo mengine manane.

Sasa turudi Kansas City, kwa sababu sehemu muhimu ya hadithi ya Finnegan ni ile isiyosimuliwa. Mwishoni mwa Julai 2015 Royals walimtoa yeye na warushaji wengine wawili wa mkono wa kushoto kwa Cincinnati, wakampata mrushaji Johnny Cueto. Siku mbili baadaye wakamtoa Sean Manaea, waliyemchagua kutoka Indiana State mwaka 2013, wakampata Ben Zobrist kutoka Oakland. Cueto aliumaliza mchezo wa pili wa World Series peke yake, wapinzani wao Mets wakiambulia mapigo mawili tu, na Royals wakatwaa ubingwa wao wa kwanza tangu 1985. Finnegan aliwasaidia zaidi alipoondoka kuliko alipokuwa akiwarushia.

Na waliobaki? Katika mchezo wa kwanza wa fainali hiyo aliyesawazisha katika iningi ya tisa ni Alex Gordon, aliyechaguliwa kutoka Nebraska mwaka 2005. Katika mchezo wa tano, iningi ya 12, pigo lililowapa uongozi lilikuwa la Christian Colon, wa drafti ya 2010 kutoka Cal State Fullerton, ambaye hakuwa amepata hata zamu moja ya kupiga katika mtoano wote wa mwaka huo. Kwa miaka mitano Colon aliitwa chaguo lililopotea.

Kwa hiyo anayetaka kujua matumaini ya timu yake mwaka huu asianze na majina ya drafti ya juzi. Kwa kanuni ya sasa, wachezaji hao hawawezi hata kubadilishwa kwa wengine hadi World Series imalizike. Mimi husoma orodha za drafti za miaka miwili na mitatu iliyopita: nani yuko Double-A, mojawapo ya madaraja ya ligi ndogo, nani amezuiwa njia na mkongwe mwenye mkataba mrefu, na ni timu gani yenye mrushaji wa kuuza imekwisha kupiga simu kumuulizia.