Onseni ni nini hasa, na ile hoteli ya milimani inakuwaje

Muonyeshe mtu picha ya Mjapani amezama hadi shingoni kwenye maji yanayofuka mvuke, theluji imejaa pembeni, kitaulo kimekunjwa kimewekwa juu ya kichwa, atakwambia "aah jakuzi hiyo". Sio jakuzi jamani, wala sio swimingpuli. Onseni ni maji yanayotoka ardhini yakiwa ya moto yenyewe, chemchemi ya maji moto kama tulizonazo huku kwetu, ila wenzetu neno hilohilo wanalitumia kwa chemchemi, kwa bafu lililojengwa hapo na hata kwa mji mzima uliokua kwa sababu ya hayo maji. Ndo maana utasikia Kusatsu Onseni au Ginzan Onseni, hayo ni majina ya miji, sawa tu na sisi tulivyo na vijiji kibao vinaitwa Maji Moto.

Tena wana sheria yake kabisa, ya mwaka 1948. Maji yakitoka ardhini na joto la nyuzi 25 au zaidi ni onseni, na hata kama ni ya baridi, yakiwa na angalau kimoja kati ya vitu 19 vilivyotajwa (chuma, salfa na vingine) kwa kiwango kilichowekwa, nayo pia ni onseni. Hapo ndo kuna mchezo sasa. Nyuzi 25 si moto huo, maji ya bomba ya Dar mchana wa Januari yanafika hapo bila kuchemshwa na mtu, halafu ardhi kadiri unavyochimba joto linapanda, kwa wastani nyuzi 3 hivi kila mita 100, kwa hiyo mwenye hela ya kuchimba kilomita moja na nusu anapata maji ya moto hata katikati ya Tokyo, anayapandisha kwa pampu na kibao cha onseni anaweka mlangoni, na hajavunja sheria. Ukitaka kujua kama unaoga kitu halisi ulizia neno kakenagashi, maana yake maji yanatoka kwenye chanzo, yanaingia bafuni, yanafurika ukingoni yanaenda zake. Hayazungushwi na mashine wala kurudishwa tena. Mimi binafsi hilo neno naliangalia kabla ya bei.

Milimani ndo kwenyewe kwa sababu volkano ziko huko. Mvua na theluji vinazama chini, vinakutana na mawe yenye joto, vinabeba madini, vinarudi juu. Ni habari ileile ya Bonde la Ufa, pale Ziwa Bogoria Kenya watu wanachemsha mayai kwenye chemchemi, na kule Hakone, kama kilomita 80 kutoka Tokyo, wanachemsha pia ila yanatoka na ganda jeusi tii kwa sababu ya salfa na chuma vilivyomo kwenye maji. (Chemka, ile chemchemi ya Boma Ng'ombe kule Kilimanjaro, msiniletee hapa, tunapapenda ila yale maji hayajawahi kuchemka.)

Sasa hoteli yenyewe. Inaitwa riokani, na ukiiita hoteli tu unaikosea kidogo, manake hoteli ya kawaida unanunua kitanda, huku unanunua usiku mmoja na milo miwili kwa pamoja, na bei wanahesabu kwa kichwa sio kwa chumba. Wawili mkilala chumba kimoja mnalipa mara mbili, wengi wanashtukia hapo wakati wa kulipa, juu yake kuna na kodi ya kuoga, mara nyingi yeni 150 kwa mtu, ndogo lakini ipo. Biashara hii ni ya kale mno, kuna moja mkoa wa Yamanashi, Keiunkan, ilianza mwaka 705 na wale wa kitabu cha rekodi za dunia, Guinness, wameiandika kuwa ndo hoteli kongwe kuliko zote duniani, yani wakati inapokea wageni msikiti mkuu wa Kilwa Kisiwani ulikuwa bado haujajengwa.

Unafika kuanzia saa tisa mchana, viatu unaacha mlangoni, chumba hakina kitanda. Hakuna kabisa. Kuna mikeka minene ya tatami inanukia kama majani makavu, meza fupi, birika la chai, na kabatini kuna yukata, vazi jepesi la pamba unalovaa kuanzia hapo mpaka unaondoka, kwenda kula, kwenda kuoga, hata kuzurura mtaani na ndala za mbao. Upande wa kushoto unakuja juu ya wa kulia. Mimi nilifunga kinyume, mama mmoja mhudumu akanikuta kwenye korido akacheka akiwa ameziba mdomo halafu akanifungua mkanda palepale akanifunga upya, kumbe kulia juu ya kushoto ndo wanavyovikwa maiti. Nimetembea ghorofa nzima marehemu.

Chakula cha jioni ni saa kumi na mbili, moja hivi, na wanaheshimu saa kweli, usijichanganye ukafika saa tatu usiku ukategemea kitu. Kinakuja kwa visahani vidogo vidogo kimoja baada ya kingine, samaki wa mtoni, uyoga, mboga za porini, mchuzi, wali unakuja mwishoni wakati sisi tungeanza nao. Ukirudi chumbani unakuta magodoro yameshatandikwa chini.

Kuoga ndo penyewe, na hapo watu wanaboronga kwa sababu jina la kuoga linawadanganya. Ndani ya onseni hauogi, unaingia ukiwa umeshaoga. Kuna mstari wa mabomba ya chini na vigoda vidogo na mabeseni, unakaa kwenye kigoda unajisugua na sabuni kuanzia kichwani hadi nyayo, unajisuuza povu liishe lote, unasuuza na kigoda chenyewe kwa ajili ya mwenzako, ndo unaingia taratibu bila kurusha maji. Kile kitaulo hakiingii majini, ndo sababu kinakaa kichwani. Joto huwa kama nyuzi 40 mpaka 42, dakika kumi zinatosha kwa mgeni, toka ukae, rudi tena. Kusatsu mkoa wa Gunma chanzo kinatoka na zaidi ya nyuzi 50 na maji yana asidi kali inakaribia ya ndimu, zamani wakaona wakichanganya na maji baridi watayaharibu, basi wakawa wanayakoroga kwa mbao ndefu huku wanaimba mpaka yapoe, na hadi leo kuna jumba wanaonyesha watalii.

Na ndiyo, ni uchi. Wanaume kwao, wanawake kwao, pazia la mlangoni ndo linakuonyesha, mara nyingi bluu wanaume, jekundu wanawake, ila nyumba nyingi zinabadilishana mabafu kati ya usiku na asubuhi kwa hiyo ulipoingia jana usipaingie leo kwa mazoea, soma pazia kwanza. Nguo ya kuogelea hairuhusiwi. Kwa wengi wetu hili ni gumu na kwa Muislamu kuna suala la stara, hakuna haja ya kujilazimisha, unauliza mapema bafu la familia, unakodi kwa saa moja hivi unajifungia na mwenzako au peke yako, na riokani nyingine zina vyumba vyenye bafu lake la onseni barazani, bei imechangamka lakini. Tatuu nazo sehemu nyingi haziruhusiwi, zinawakumbusha majambazi wa yakuza, hata piko uliyopakwa harusini wiki iliyopita inaweza kuleta maswali, kuna wanaokubali uifunike na stika kama ni ndogo.

Kingine ambacho hakuna aliyeniambia, vua pete ya fedha. Mimi niliingia nayo kwenye maji ya salfa usiku, asubuhi naamka nakuta imekuwa nyeusi kama sufuria la kuni, nikaisugua na dawa ya meno kwenye sinki mpaka saa nne, muda wa kukabidhi chumba, ikatoka nusu. Swimsuti nayo ilirudi Dar na lebo yake.