Acheni Kumstaafisha Shosho Akiwa Hai

"Tumemwambia asiguse kitu, daktari. Apumzike tu, ametulea vya kutosha." Wiki hii nimeambiwa tena hivyo na watoto wa shosho mmoja, na anayesema husema kwa fahari. Mimi si daktari, ni mtu wa tiba ya viungo, lakini hilo tuliache.

Kukaa tu hudhoofisha misuli; hayo nayapitia haraka. Utafiti wa Marekani uliochapishwa 2007 uliwalaza kitandani wazee wenye afya kwa siku 10. Wakapoteza karibu kilo nzima ya nyama ya miguu. Siku 10! Nyinyi mmemkalisha mama kwenye kochi Donholm tangu Krismasi. Shirika la Afya Duniani linataka aliyefika miaka 65 afanye mazoezi ya nguvu na ya kutoyumba siku 3 au zaidi kwa wiki. Basi.

Kinachonikera hasa ni kudhani kuna njia mbili tu: afanye kama zamani, au aache kabisa. Wazee wenyewe hawaishi hivyo. Shosho anayechambua sukuma wiki akiwa ameketi hajaacha kupika. Aliyeachana na mtungi wa lita 20 akachota kwa wa lita 5 bado anachota. Mwingine hungoja saa nne, matatu zikishapoa, ndiyo aende soko la Gikomba. Wanasaikolojia Paul na Margret Baltes waliueleza ujanja huu 1990: chagua machache, yatilie bidii, fidia kilichopungua. Walimtaja mpiga piano Arthur Rubinstein, ambaye uzeeni alipiga vipande vichache, akavifanyia mazoezi zaidi, na kabla ya sehemu za kasi akapiga polepole makusudi, ili kasi isikike kubwa kuliko ilivyokuwa. Mjanja kweli!

Lakini aliyechagua ni Rubinstein. Kwenu huchagua grupu ya WhatsApp ya familia. Chapati mnamnyang'anya kwa kuhofia moto, na mnamwachia televisheni. Pengine angewaachia kufua kwa moyo mkunjufu, maana hakuwahi kupenda kufua. Nani alimuuliza? Akitaka chapati, asukume akiwa ameketi mezani, na mjukuu asimamie jiko.

Kuna mahali mimi pia hukwama. Mama akisema ameacha kwenda chama, kile kikundi chake cha akiba, kwa kuwa "hakuna raha tena", je, amechagua? Au anaogopa kuanguka, au masikio hayashiki tena maneno watu wakiongea pamoja? Napima nguvu za miguu kwa kumhesabia anainuka kitini mara ngapi kwa sekunde 30, napata namba nzuri, na swali langu linabaki palepale. Huwa namuuliza muda wa chama siku hizi anautumia kwa nini. Akijibu "nakaa tu", naanza kushuku.

Na wa ghorofa ya nne, lifti hakuna, magoti yamechoka? Huyo nimemwambia ashuke mara moja kwa siku, shughuli zote kwa mkupuo, apumzike kila ngazi zinapokata kona. Anamudu. Ila majirani aliokuwa akipiga nao gumzo jioni hakutani nao tena, na hilo sijalipatia fidia.