Picha ya Ubongo Ni Safi, Mbona Mgonjwa Anazidi Kudhoofu?

Je, virusi vinaweza kukaa ubongoni kwa miaka?

Ndiyo. Wengi tunaijua ensefalaitisi, yaani kuvimba kwa ubongo, kwa sura yake ya ghafla: homa kali, degedege, kuchanganyikiwa. Ipo nyingine inayonyemelea. Mtoto huugua surua, mara nyingi kabla hajatimiza miaka 2, akapona kabisa na kuanza shule. Kisha, kwa kawaida miaka 6 hadi 10 baadaye, virusi vilevile vya surua, ambavyo vilibaki vimejificha ndani ya seli za ubongo, huanza kuuharibu. Madaktari huuita ugonjwa huu SSPE. Kwa watu wazima upo ugonjwa mwingine wa ubongo, PML, unaoletwa na virusi viitwavyo JC. Watu wengi wanavyo bila kudhurika, hadi kinga ya mwili iporomoke, kwa mfano VVU visipodhibitiwa.

Dalili za magonjwa haya zikoje?

Hapa ndipo familia nyingi hupotea njia, kwa sababu mara nyingi hakuna homa. Mtoto aliyekuwa akiandika vizuri anaanza kupindisha herufi, anasahau, anakuwa mkali, na watu wazima humwita mvivu. Baadaye huja mishtuko: kichwa kinadondoka kidogo, mkono unaruka na kijiko kinamwaga chakula, tena na tena kila baada ya sekunde chache, mtoto akiwa macho. Wengine hutangulia kupoteza uwezo wa kuona.

Mgonjwa wa PML anaweza kujigonga kwenye fremu ya mlango upande uleule kila siku, au kusoma nusu tu ya mstari, ilhali macho yenyewe ni mazima. Miwani mipya haitamsaidia, kwani kilichoharibika ni sehemu ya ubongo inayopokea habari za upande huo.

Picha huonyesha nini?

Kipimo cha MRI, yaani picha inayopigwa kwa sumaku, huona mabadiliko haya vizuri kuliko CT, inayopigwa kwa eksirei. Katika PML, mabaka huonekana kwenye sehemu nyeupe ya ubongo, upande mmoja ukizidi mwingine, na kwa kawaida hayausukumi ubongo kama uvimbe wa saratani ufanyavyo. Katika SSPE mabaka hupenda kuanzia nyuma ya ubongo, na miezi inavyopita ubongo husinyaa.

Picha ikiwa safi, tuache kuhangaika?

Hapana, na ningependa jibu hili lishikwe kuliko mengine yote. Mwanzoni mwa SSPE picha ya MRI inaweza kuwa ya kawaida kabisa, na hata baadaye ukubwa wa mabaka haulingani kila mara na hali ya mgonjwa. Kipimo cha umeme wa ubongo huweza kufichua mawimbi makubwa yanayojirudia kwa mpangilio, na maji ya uti wa mgongo huonyesha kingamwili nyingi dhidi ya surua. Kwa PML, katika maji hayo hutafutwa vinasaba vya virusi vya JC. Visipopatikana mara ya kwanza, kipimo huweza kurudiwa.

Kuna tiba?

SSPE haina dawa ya kuiponya, ingawa zipo dawa za kupunguza mishtuko na, kwa baadhi, kupunguza kasi yake. Chanjo ya surua huikinga, haiisababishi. PML hutegemea kurudishwa kwa kinga, na mwenye VVU huhitaji ARV. Kinga inaporudi, dalili huweza kuzidi kwa muda na picha ikaonyesha ubongo umevimba upya, kwa hiyo mgonjwa asiache dawa kabla ya kuonana na daktari wake.

Tupeleke nini hospitali?

Rekodi mishtuko kwa video ya simu, ikiwezekana kwa dakika nzima. Beba daftari la shule la mwaka jana na la mwaka huu, daktari ayafungue yote mawili mezani alinganishe mwandiko. Mweleze pia mtoto aliugua surua akiwa na umri gani, hata kama ni zamani na alipona vizuri.